Nsansa za Mama Kulwa

Mjukuu wangu Koku,

Marahaba, mama. Hapa Pasiansi bibi yako hajambo, ila mimi hata ziwani siwezi tena kushuka. Umeniuliza kwa nini niliacha utafiti wa mimea. Nakujibu kabla sijafa.

Nikiwa kijana, kule Misungwi, Mama Kulwa alilima kunde jirani na mahali walipooshea dhahabu kwa zebaki. Majani yakanyauka. Niliyanyunyizia maji yenye asidi amino, yakarudi kijani. Akacheka, "Bwana shamba, mnyunyizie na mume wangu!" Kisha akauliza, "Sasa tule?"

"Kuleni, mama. Jani lililopona halina sumu."

Sikuwa nimepima. Akayachemsha na kuyaanika, yakawa nsansa, wakala kiangazi kizima. Nilipopima, nilikuta zebaki imejaa ndani ya majani. Asidi ile haikuiondoa sumu. Iliishika tu ndani ya seli, mmea ukaweza kuishi nayo. Mama Kulwa na wanawe hawakuwa na kinga hiyo.

Nilikwenda kumwambia. Aliponimiminia chai mkono ulitetemeka, ikamwagika. "Uzee huo," akasema, naye hakuwa amefika arobaini. Majibu yalikuwa mfukoni mwangu. Nikanywa chai, nikaaga.

Akanifungia nsansa nimpelekee mama yangu. Nilizipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, na nilipofika Usagara nikazitupa.

Usiniandikie kwamba nilikuwa kijana tu. Nilijua, ndiyo maana nilizitupa.

Babu yako