Mtoto wa Safu ya Tatu

Dada yangu mpendwa,

Naanza kwa kukujulia hali wewe na shemeji, ingawa nusu ya jibu ninayo tayari, na si jibu zuri. Mimi kimwili sijambo. Kikohozi kimeniacha, kazi ni nyingi, na kiti changu pale studio ya picha bado ni kilekile kinacholia nikiegemea. Wenzangu wanasema siku kitakaponyamaza ndipo watajua nimeacha kazi. Nacheka nao, lakini wiki hii si kwa moyo.

Shemeji alinipigia simu Jumapili. Aliniambia mtoto wenu mdogo amehamishiwa kwa mama mkwe wako, kwamba huruhusiwi kubaki naye peke yako, na kwamba daktari amekuongezea vidonge. Alisema yote hayo kwa sauti ya chini, na mwishoni akalia. Tafadhali usimchukie. Aliniuliza, kwa kuwa mimi ndiye ndugu yako wa tumbo moja, kama katika ukoo wetu kuna mtu aliyewahi kuugua akili. Nikamwambia hayupo. Hapo nilisema kweli. Lakini mwezi huu nimekudanganya wewe, na ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ningebabaika, tena maneno ya simu hayashikiki mkononi. Karatasi hii unaweza kumwonyesha mtu.

Ulinieleza mwenyewe ilivyokuwa. Ulikwenda kwa yule mama mshonaji kupimwa sketi, ukainua macho, ukaona ukutani picha kubwa ya harusi ya binti yake. Safu ya tatu, kati ya wageni, amesimama mtoto wa miaka sita mwenye gauni la njano. Kifungo cha pili kimeingia tundu la tatu, kola imepanda upande mmoja, vilevile alivyokuwa akijifunga marehemu binti yako kila alipokataa kusaidiwa. Ukaketi sakafuni palepale. Mshonaji alikuletea maji akakuambia yule ni mtoto wa upande wa bwana harusi. Wewe ukashikilia kwamba yule ni wako. Harusi ilifanyika miaka miwili baada ya sisi kumzika, kwa hiyo waliokusikia walitazamana, na habari zikamfikia mama mkwe wako kabla hujafika nyumbani.

Usiku uleule ukanipigia. Hukulia. Uliniuliza kwa utulivu kabisa, kama unavyouliza bei ya kitu, iwapo mimi ninayeshinda na sura za watu mchana kutwa nimewahi kuona watoto wawili wanaofanana mpaka kifungo. Nikakujibu kwamba duniani wawili wawili. Nikakuambia upumzike. Ukasema basi huenda wanasema kweli, umechanganyikiwa. Na mimi, dada, nikanyamaza.

Nikurudishe nyuma sasa. Miezi mitatu baada ya msiba ulikuja kwangu na picha zote za familia. Ulisema huwezi hata kumtazama baba bila kukutana na mtoto, amekaa mapajani, amejificha nyuma ya kiti, amening'inia shingoni. Ukaniomba nimtoe kila mahali na kupajaza alipokuwa, kwa sababu fundi wa nyumbani ni mimi na hukutaka mgeni amguse. Nilifanya kazi ile siku tisa. Kumtoa mtu kwenye picha huanzia ukingoni: unaufuata mwili wake nukta kwa nukta, mabega, viwiko, mpaka unafika kwenye nywele, na hapo unapunguza mwendo maana nywele hazitaki haraka. Nywele zake zilikuwa zimefumuka katika kila picha, si unamjua. Kisha nilijaza ukuta pale palipokuwa na kichwa chake, na majani palipokuwa na miguu. Ulipoziona ulinishika mkono ukasema sasa unaweza kupumua. Sijawahi kusifiwa kwa kazi iliyoniuma vile.

Wahenga walisema mtu mzima akivuliwa nguo huchutama. Mimi nachutama kabla hamjanivua.

Mtoto yule ni yeye. Huna wazimu, dada. Ulimwona mwanao.

Kipande ninachokikata huwa sikitupi, kama mshonaji asivyotupa vitambaa vyake. Binti yako nilimhifadhi kwenye kompyuta ya kazini, katika gauni lile la njano, amegeuza uso kidogo kama aliyeitwa. Lakini mtu ukimtoa kwenye picha, kompyuta humweka juu ya viraba vya kijivu na vyeupe, na maana yake ni kwamba pale hapana kitu. Kila nilipofungua nilimkuta amesimama juu ya hapana kitu, peke yake, anatazama pembeni. Ilinitesa kuliko kaburi. Kaburini angalau kuna udongo.

Ikaja ile harusi. Safu ya tatu ilikuwa na pengo, na mama wa bibi harusi, yaani huyo mshonaji wako, alitaka lijazwe, picha isionekane kama watu walisusa. Kazi za namna hiyo tunafanya, tunasogeza wageni waliopo. Mimi nikamweka yeye. Nikampa kivuli kinachoangukia upande mmoja na vivuli vya wenzake, nikapunguza mwanga usoni. Nikanyoosha mkono nirekebishe na kifungo, nikashindwa. Alionekana ameitwa mahali na amefika. Nililia pale kwenye kiti, na siku ile nililala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu tumzike.

Ningeishia hapo pengine Mungu angenielewa. Sikuishia. Yumo katika picha saba, dada, kwenye nyumba saba za watu nisiowajua, kwenye mahafali, kwenye mkutano wa ukoo, kwenye sherehe ya mzee aliyestaafu. Hakuna aliyewahi kulalamika, kwa sababu upande huu hudhani ni wa upande ule, na upande ule hudhani ni wa upande huu. Mwaka jana bibi yake bwana harusi alikuja studio kuchukua nakala. Akamgusa mtoto kwa kidole akasema huyu anamkumbuka vizuri, kwamba alikataa chakula siku ile mpaka yeye akambembeleza kwa soda. Wajukuu wakamsifu kwa kumbukumbu. Yeye aliyekumbuka lisilotokea anasifiwa, na wewe uliyeona kweli unanyang'anywa mtoto. Nimelifikiria hilo mpaka kichwa kinauma.

Sikukuuliza. Hilo ndilo kosa langu kubwa. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nami nilijifanya naujua kukushinda. Halafu ulipohitaji neno langu moja tu, nililificha kwa kuogopa kazi yangu na kuogopa macho yako. Ukiamua kutonisemesha tena, nitasema ni haki yako. Kumfuta siwezi, na kumweka kwingine sitathubutu. Amri juu yake iko kwako.

Jumamosi nakuja. Nitayasema haya mbele ya shemeji na mbele ya mama mkwe wako, kisha nitakwenda kwa mshonaji, na kwa daktari pia, anitazame mimi niliye mwongo. Lakini usiningoje. Barua hii ikikufikia, mpe shemeji aisome mpaka mwisho, kisha vaeni viatu mwende kwa mama mkwe wako siku hiyohiyo mkamchukue mtoto. Asilale tena huko kwa kosa langu.

Wape salamu majirani wote waliokuja kukaa nawe. Mwambie shemeji namheshimu na namwomba radhi. Mtoto nitamsalimu mwenyewe nikimkuta mgongoni kwako.

Ni mimi mdogo wako,
niliyekuona unazama nikanyamaza.