Bigelegele kwa Tumbo Yangu

Yaya Mado, mi mudogo wako nakusalimia toka Kolwezi, vumbi ya malori ya shaba iko mpaka mu meno.

Asubuhi munganga wa hospitali aliangalia tena picha ya tumbo yangu. "Mama, hatuoni kitu." Ni ile maumivu yenye ilianza miaka mingi nyuma ya operesheni ya kupunguza unene.

Muchana Mama mukubwa, mwenye nafikia kwake, akanipa bukari, ile ugali yake ngumu, na sombe ya majani ya muhogo. Tonge ya pili ikanikunja, nikashika tumbo na mikono yote. Bamama majirani, benye tunakaa nabo mu lupango moja, bakapiga bigelegele: "Mungu asifiwe, iko na mimba!" Sikukuwa na nguvu ya kubakatalia.

Kumbatia batoto, ukule pa nafasi yangu. Huku bameshachagua jina ya mutoto: Mado, kama wewe. Maumivu yangu, hakuna mutu anajua jina yake.