Maziwa Aliyobakisha Mwimbaji

Jumatatu, Kimulot. Mvua inanyesha tangu alfajiri na chai haijachumwa. Nina nafasi ya kuandika, na bado nina hasira.

Jana alikuja kanisani kwetu mwimbaji wa injili ambaye sauti yake imo katika kila simu hapa kijijini. Ni binti wa kwetu. Mtu wetu akirudi na jina, sisi humpokea kwa mursik, maziwa yaliyochachia kibuyuni. Mimi ni mzee wa kanisa, hivyo kibuyu kilitoka kwangu. Alionja kidogo, akanirudishia, akaanza kuimba. Anaimba vizuri, sikatai. Hata niliomba tupigwe picha, yeye ameshika kibuyu changu. Picha hiyo ninayo, na leo inaniaibisha.

Kabla hajamaliza wimbo wa pili, watu walikuwa wamepanga foleni kuonja alichobakisha. Mmoja alishika chupa tupu ya soda.

Nilichukua kibuyu changu nikaenda nyumbani.

Nilikuwa mwalimu, kwa hivyo acha nieleze. Maziwa yale ni ya ng'ombe wetu mweusi. Mke wangu alisugua kibuyu kwa mkaa wa mti wa senetwet, kama alivyofundishwa na mama yake. Mwimbaji aliongeza rangi ya mdomo ukingoni, basi.

Hakusema maziwa yanaponya. Lakini aliiona foleni, akatabasamu, akaendelea kuimba. Kunyamaza huko nako ni mahubiri.

Jioni mjukuu wangu Chebet alinifuata jikoni na kikombe. Ana kifafa. Tangu aanze vidonge hajaanguka hata mara moja.

"Kugo, nipe kidogo tu," akaniambia. Kugo, yaani babu, ndivyo wajukuu wanavyoniita. "Nikipona, niache dawa."

Nilimmiminia kikombe kizima, nikammiminia bibi yake, nikajimiminia mwenyewe. Tukala na ugali na mboga kama siku zote, mpaka kibuyu kikaisha.

"Hiki ni chakula," nikamwambia. "Shiba. Halafu lete vidonge vyako, tuviombee, umeze."

Alilia. Niliomba peke yangu, naye akameza bila kusema amina.

Asubuhi mwenyekiti wa kamati ya kanisa amenipigia simu. Jumatano niende nikaombe msamaha kwa kuwanyima watu baraka. Ameongeza kwamba huenda naona wivu, uzee unanisumbua.

Nitaenda, lakini msamaha sina. Nitawaambia Mungu tunayemwabudu anatusikia hapa Kimulot bila mtu maarufu kumpelekea ujumbe, na damu ya Kristo haihitaji kuongezewa mate ya mwimbaji. Wakitaka kunivua uzee wa kanisa, wauchukue. Nitakaa benchi la nyuma na Biblia yangu.

Chebet hajanisalimia tangu aamke.

Lakini vidonge amemeza, na mimi sikumkumbusha.