Sikumzaa Mimi

Mtaa wa Msikitini,
Mchinga,
Lindi.

9 Novemba, 2024

Mpendwa mdogo wangu Zakia,

Marahaba, maana najua umeniamkia hata kabla hujaifungua bahasha. Hujambo? Shemeji hajambo? Na baridi ya huko Ujerumani, bado inakupasua mikono? Yale mafuta ya nazi niliyokupa usiyaweke kabatini yakawa ya kutazama. Nimeyapika kwa ajili ya kupaka.

Sisi huku tunaamka salama, alhamdulillahi. Presha yangu inapanda na kushuka ipendavyo, nami nimeshaizoea. Korosho zimeanza kuanguka, mabibo yamezagaa mpaka mlangoni, na nzi nao wamekuja bila kualikwa.

Utasema, dada naye, anaandika barua wakati simu ipo! Kwenye simu nitalia, na wewe utalia, na bando litaisha hatujasema kitu. Tena Sauda ana masikio, we! Nimengoja aende madrasa ndipo nikashika kalamu.

Wakili ameshakupa habari njema, najua. Mahakama Kuu imekubali, Sauda ni mtoto wako kisheria, imebaki pasi ya kusafiria na kibali cha huko kwenu. Hongera sana, mdogo wangu. Nasema kwa moyo mweupe, kwa sababu neno hili nililianza mimi mwenyewe, baada ya kuanguka kisimani kwa presha nikajiuliza mtoto wa marehemu ndugu yetu Amina nitamwachia nani. Lakini ilivyokuwa kule Mtwara wakili hakukwambia. Yeye alikuwa na sheria zake, mimi nilikuwa na mtoto.

Unakumbuka tulivyokwama. Ulipomaliza ile miezi ya kukaa na mtoto hapa, kama sheria ya kuasili inavyotaka, ukarudi kazini huko, Bi Apolonia wa ustawi wa jamii alikuja hapa kuwauliza majirani. Na Sauda, kama kawaida yake, alikuwa papo hapo katikati ya watu wazima anatafuna korosho. Sasa niambie, nani wa Mchinga atamtamkia mtoto usoni kwamba mama yake alikufa? Umekaa mbali, lakini desturi yetu hujaisahau. Mtoto akiachwa mchanga, aliyekabidhiwa siku ya msiba ndiye mama, na lile neno lingine halitajwi mbele yake mpaka akue.

Basi Bi Apolonia akauliza mama mzazi wa mtoto yuko wapi, na wote wakanionyesha mimi. Mzee Likwata, mwenyekiti wetu, akaapa kabisa kwamba ni mimi, tena alikuwepo nilipojifungua! Lo! Masikini, alidhani anatusitiri. Mama wa watu akaandika alivyoambiwa, na shauri likasimama. Wakawa wanauliza, kama mama yu hai na anajiweza, mtoto anapelekwa nchi ya watu kwa lipi?

Kusahihisha kwa mdomo hakukutosha. Amina alifia nyumbani, na cheti cha kifo hatukuwahi kukifuata. Jaji akaagiza niende mwenyewe nikaseme, na Sauda niende naye, kwa kuwa alitaka kumwona.

Jaji ni mwanamke, Zakia, mpole, hata sauti hakuipandisha. Niliomba mtoto atolewe nje kwanza. Bi Apolonia akamshika mkono, lakini Sauda akang'ang'ania kanga yangu na kuanza kulia, na jaji akasema basi, mwacheni. Akaniuliza. Nikasema, Mheshimiwa, huyu sikumzaa mimi, aliyemzaa ni mdogo wangu Amina, amekwisha kufariki.

Kanga ikaachiwa. Sikutazama chini, lakini nilihisi ilivyolegea.

Walifurahi wote, wakili akanipa mkono. Mimi nilitoka pale sijui hata viatu vyangu nimevaaje. Nilimzika Amina, nilimzika mume wangu, lakini siku ile nilikuwa peke yangu kuliko siku za misiba, maana msibani watu huja.

Tangu turudi, Sauda haniiti kitu. Si mama, si mama mkubwa. Akitaka maji anakuja kusimama mbele yangu mpaka nimtazame. Majirani wanasema atazoea. Wao wanarudi kwao jioni, mimi nabaki naye ndani, tumekaa kama wageni wawili. Nimemchimbia ming'oko, nikamchemshia na chumvi anavyopenda. Alikula, akashukuru kwa adabu. Hiyo adabu ndiyo inayoniua.

Nina ombi moja. Shamte alikuja kutoka Likawage akatia saini bila kinyongo, ana mke mpya na watoto wengine huko, lakini baba ni baba. Katika makaratasi ya huko usimfutie jina lake. Abaki Sauda binti Shamte. Dini yetu haituruhusu kumpotezea mtu nasaba yake, na huyu mtoto ameshapotezewa vya kutosha.

Unisalimie shemeji, na yule rafiki yako Martina anayekufundisha kuendesha baiskeli uzeeni. Mzee Likwata anakusalimu na bado anaona haya kupita hapa kwangu. Shangazi Pazi naye anakuombea dua kila swala. Mola akulinde katika nchi ya ugenini, na akupe subira ya kulea, kwani mtoto huyu anapiga mateke usingizini.

Hapa nilikuwa nimefunga barua, ndipo Sauda akarudi kutoka madrasa akaikuta mezani. Nikamwambia ni ya mama yako mdogo Zakia, nawe tuma salamu zako. Akakaa anafikiri, miguu inaning'inia. Halafu akasema, mwambie huko kitanda kiwe kikubwa, mama anapenda kulala ukutani.

Mama. Amesema hivyo hivyo, kama zamani, akatoka kwenda kucheza.

Zakia, anadhani tunakwenda wote. Miezi yote hii, na mahakama yote ile, hakuna aliyemwambia. Nami nimeinuka nikasimama mlangoni nimwite, nikashindwa. Njoo mapema, mdogo wangu. Lile la kwanza nimelisema mimi. Hili nisaidie.

Dada yako akupendaye, na anayekuachia alichonacho,

Adija