Ruta Nyeusi, Ruta ya Kijivu

Jumatatu, 6 Machi 2017

Ruta zote mbili za majaribio, mashine za kuelekeza mawasiliano ya intaneti, zimefika maabara. Kila moja ina ukubwa wa jokofu langu, na zinavuma mpaka kichwa kinauma. Nyeusi ni chaguo la mwenzangu Asger. Ya kijivu ni yangu — sijifichi. Nimefanya kazi na mashine za kampuni inayoiunda miaka kumi na tisa, amri zake naziandika nimefumba macho. Ijumaa bosi wetu, Gudrun, anaamua. Itakayonunuliwa itabeba wateja wetu laki mbili wa intaneti hapa Jutland, Denmark, kwa miaka kumi. Ikiwa nyeusi, nitaanza darasa la kwanza nikiwa na miaka hamsini na saba, na mwalimu ni Asger. Sitaki.

Jumanne, 7 Machi

Jaribio la kuchomoa kadi. Kila ruta ina kadi mbili za kuiongoza. Ukichomoa ya kwanza, ya pili inatakiwa ishike usukani bila mteja kuhisi kitu. Ya kijivu: nikachomoa, hakuna kilichopotea. Nyeusi: sekunde tisini na nne mtandao umekufa!

Asger akaniomba nirudie. Nikarudia. Tisini na moja.

"Basi, Vibeke," akasema. "Nimeona."

Ripoti niliimaliza na kuituma kabla ya chakula cha mchana. Sijawahi kuandika haraka hivyo.

Jumatano, 8 Machi

Asger kaleta keki. Ya nazi, kaioka mwenyewe. Ndiyo desturi ya maofisi ya huku — aliyeboronga analeta keki, anasema mbele ya wote alichoboronga, tunakula, yamekwisha. Yeye kasema ameipigia debe mashine mbovu miezi minane na kutupotezea wakati. Gudrun akamtania: wiki ijayo aboronge tena, maana keki yake si haba. Tukacheka. Asger naye akacheka, ila masikio yalikuwa mekundu.

Nilikula vipande viwili. Tamu kweli.

Alhamisi, 9 Machi

Nilikuwa napanga viambatisho vya ripoti, nikapitia mipangilio niliyoiingiza kwenye ile nyeusi. Mistari mia tatu na kitu. Mmoja haupo. Ule unaoiambia kadi ya pili ifuatilie kila inachofanya ya kwanza.

Kwenye ya kijivu hauandikwi, umo tangu kiwandani. Kwenye nyeusi ni lazima uandikwe. Miaka kumi na tisa sijawahi kuuandika, na Jumanne sikuuandika.

Asger alikuwa kwa daktari wa meno. Nikauandika. Nikachomoa kadi.

Hakuna kilichopotea. Hata pakiti moja ya data. Nikarudia mara nne, ileile.

Nikaufuta mstari. Nikakaa. Nikaurudisha. Hakuna aliyeniona. Ripoti iko kwa Gudrun, Asger keshakubali, hakuna anayeuliza swali. Naona aibu. Ninachoonea aibu zaidi ni jinsi nilivyofurahi Jumanne.

Ijumaa, 10 Machi

Sijui kuoka. Nilikuwa mlangoni kwa mwokaji kabla hajafungua. Nikachukua ya krimu, ya watu kumi na sita. Sisi tuko watatu. Akauliza ni ya sherehe gani, nikamwambia ya kazini.

"Ahaa. Nani kaboronga?"

Nikamwambia aifunge vizuri, nina baiskeli.

Sasa saa tatu kasoro dakika tano, naandika humuhumu chumba cha mkutano ili mikono iwe na kazi. Keki iko katikati ya meza. Ripoti yangu iko chini yake.

Asger kaingia wa kwanza. Kaitazama, kakuna shingo. "Jamani, nimefanya nini tena?"

Nimemwambia akae tu. Kakaa. Shavu bado limevimba kwa lile jino, na kitini kajikunja kama aliyeitwa kugombezwa.

Gudrun kaingia na vikombe. Anauliza keki ya nani.