Sahani Niliyompokonya Mwenye Duara

Mama Kulwa, shoga yangu,

Huko uliko nadhani huamshwi na kelele za makarasha yakisaga mawe. Sisi bado. Uniwie radhi, nakuandikia nimejaa kinyaa.

Wiki iliyopita nilipimwa saratani ya mlango wa kizazi. Siku hizi wanapima palepale tunapochukulia dawa zetu za virusi, siku ileile. Hakuna tena kutumwa jengo la nyuma ukaambiwe, "Siki ya kupimia imeisha, njoo wiki ijayo." Siki, jamani! Walikurudisha mpaka ukachoka nauli na ukachoka roho, wala hawakuona haya. Mimi nesi aliniona kidoa cheupe, akakichoma hapohapo kabla hakijawa saratani, nikarudi nyumbani kwa miguu yangu. Nilikaa kitandani nikalia kwa uchungu. Kumbe ni hivyo tu, ukiwahiwa!

Na hawa wa machimboni. Unakumbuka ulivyokuwa unajifunga kanga tatu ukiwapakulia ugali, ili damu isionekane? Eti mwanamke anayetokwa damu akisogelea duara, shimo wanamochimba, dhahabu inakimbia. Ulikuwa ukiniambia, "Nyamaza, Mama Rehema, watanitimua, Kulwa na Doto watakula nini?" Ukavuja miezi na miezi huku unawachekea. Ptuu!

Jana mwenye duara, yuleyule aliyekula wali wa matanga yako akaongezwa, alikaa bandani kwangu ninapouza chakula akasema mbele ya watu kwamba mawe yameanza kulipa tangu uondoke. Akacheka, mchuzi unamtiririka kidevuni. Nikampokonya sahani, ugali nikawatupia mbwa. Nikasema kwa sauti, kila mtu asikie: mimi natumia dawa, nimetoka kuchomwa kidonda, damu bado inanitoka, na nimesimama hapahapa karibu na duara lenu. Anayetaka kunifukuza aje.

Hakuna aliyekuja. Na leo hakuna aliyekuja kula pia, sufuria nzima ya maharage imelala. Niliyafunika nikihesabu hasara, sikufichi.

Lakini jioni alikuja Mama Shija, yule muuza chai. Kumbe naye humeza dawa kama sisi. Alisimama mlangoni, amejifunga kanga tatu na joto lote lile. Akaniuliza kliniki inafunguliwa saa ngapi.

Kesho naenda naye, sitamwacha mpaka atoke na majibu. Na binti zako wakikua nitawapeleka mwenyewe wakapimwe, nakuahidi.

Pumzika, shoga. Huku hatujifungi tena kanga tatu.

Mama Rehema