Winga wa Kushoto Amenyimwa Pasi

Chuo cha Ualimu Kiamuri,
Karibu na Giakanja
9 Machi 1957

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na salaam nyingi kutoka baridi ya huku Tetu. Mimi ni mzima, kifua kimeacha kunisumbua. Na wewe magoti yako je? Dada Ummi amejifungua salama?

Nimechaguliwa golikipa wa chuo. Usikunje uso; masomo yanakwenda vizuri, na mtihani wa ualimu nitaufanya pamoja na wenzangu. Tumecheza na chuo cha Embu, tukawafunga tatu kwa moja, nao walikuwa na viatu na wengi wetu miguu mitupu. Mabao yote ni ya kapteni wetu, Theuri, winga wa kushoto. Kwao ni Gakindu, kule Mukurweini. Ni mpole hata utadhani kalala, lakini akiupata mpira pembeni hakuna wa kumfikia. Baba yake yuko kizuizini, huu mwaka wa tatu. Hazungumzi habari hiyo, nasi hatumuulizi.

Shida yetu ni safari. Wenzangu Wakikuyu hawaruhusiwi kutoka wilayani bila pasi ya serikali, kwa hiyo kila mechi ya ugenini tunangoja mihuri. Mimi Mswahili wa Majengo, Nanyuki, naambiwa pita tu. Naona haya kupita peke yangu.

Mwanao,
Jumaa

Majengo, Nanyuki
20 Machi 1957

Mwanangu Jumaa,

Barua yako imenikuta na uzima, ila magoti ni yale yale. Ummi amepata binti, analia kama gari moshi. Anakusalimu.

Uso sikuukunja kwa ajili ya mpira. Nimeukunja kwa hilo neno la haya. Juzi alfajiri askari walizunguka Majengo, wakamchukua Kagure, yule muuza viazi tunayepakana naye ukuta. Walimpandisha lori na kikapu chake mkononi, kosa lake hana pasi. Hakuna mlango uliofunguka, hata wangu.

Marehemu baba yako alitaka uwe mwalimu. Daka mipira, soma, nyamaza. Wenye nguvu hawashindani na watu wa miguu mitupu, wanawakanyaga.

Mama yako,
Zuena

Kiamuri
2 Julai 1957

Mama,

Shikamoo. Natumai nyote wazima. Hapa tuna mafua tu, ya ukungu wa mwezi huu.

Tumewafunga Meru, tumewafunga Karatina, tumeingia fainali. Itachezwa huko kwetu Nanyuki, Jumamosi ya tarehe 13. Ningefurahi, lakini soma mpaka mwisho.

Pasi zimekuja za wote isipokuwa ya Theuri. Ati mtoto wa mtu wa kizuizini asisogezwe karibu na msitu wenye wapiganaji. Mkuu wa chuo akaniita ofisini, akanipa kiti, jambo ambalo hafanyi.

"Jumaa, wewe humo katika mambo ya hawa," akasema. "Utakuwa kapteni. Mweke Wamae mahali pa Theuri, mniletee kombe."

"Bwana, winga wa kushoto tunaye," nikamjibu.

Akaniambia afadhali nifikirie kama kweli nataka kuwa mwalimu.

Jioni tulikaa bwenini. Theuri mwenyewe alitaka twende. "Ati msicheze sababu yangu? Kombe hiyo nimeitafuta na hii miguu yangu." Muchiri, beki wetu, akasema tususe. Gathogo akasema tukisusa watatangaza tumeogopa. Tulibishana hata sauti zikakauka. Halafu akasema Wamae, ambaye hajaanza mechi hata moja na sasa nafasi imemjia bure: "Mimi sivai fulana yake. Nyinyi chezeni mkiwa kumi."

Basi tutacheza kumi, na upande wa kushoto utabaki wazi. Usije uwanjani, Mama. Nimekuandikia usije ukasikia kwa watu.

Mwanao,
Jumaa

Majengo, Nanyuki
15 Julai 1957

Mwanangu,

Waliwapakia lorini kabla sijakufikia, hata mkono sikukupa. U mzima? Ule mguu uliokanyagwa umeufunga?

Uliniambia nisije. Nilikuja. Nilisimama nyuma ya goli, nikamwona refa akiwahesabu, kisha yule Mzungu mkuu wa wilaya akaingia uwanjani akakunyooshea fimbo. Sikusikia alichosema. Nilikuona tu ukitikisa kichwa.

Mama mmoja karibu yangu akauliza, "Mbona hawa ni kumi?" Nilitaka kunyamaza, Jumaa. Lakini moyoni nilimwona tena Kagure juu ya lori lile. Nikasema kwa sauti, wasikie wa mbele na wa nyuma: "Wa kumi na moja ni Theuri, winga wa kushoto. Amenyimwa pasi."

Neno likazunguka uwanja. Mpira ulipokwenda kule kusiko na mtu, kijana mmoja akaita, "Theuri." Ulipokwenda tena, wakaita wengi. Kufika mapumziko walikuwa wanaita wote, watu wa gereji, madobi, wapishi wa kambini. Kila mpira ukielekea kushoto: Theuri, Theuri. Yule Mzungu akasimama, akaketi, akasimama tena. Atamkamata nani kwa kutaja jina la mchezaji?

Mlifungwa mbili kwa moja, na waliobebwa mabegani ni nyinyi. Wenye kombe waliondoka nalo kimya kimya.

Jana askari alikuja kuuliza kama ni mimi niliyeanza. Nikamwambia ni mimi, andika, jina langu Zuena. Akanywa chai akaenda zake.

Lile neno langu la nyamaza, liache. Wakikunyima cheti, njoo nyumbani. Mimi bado napika.

Mama yako

Kiamuri
5 Agosti 1957

Mama yangu,

Shikamoo. Mguu umepona. Mbusu mtoto wa Ummi.

Mkuu wa chuo alituita mmoja mmoja: nani alileta wazo la kucheza kumi? Kila mtu akasema ni yeye. Wamae, aliyesema kweli, ndiye ambaye hakuaminiwa kabisa. Kisha tukaletewa maneno ya kuomba radhi tuyatie sahihi. Hakutia mtu. Kutufukuza sote hawezi, shule zinalia walimu, kwa hiyo mpira umepigwa marufuku, na mimi cheti changu kimezuiliwa mwaka mzima. Na wakizuie.

Aliyefukuzwa ni Theuri. Walimrudisha Gakindu siku ile ile ya fainali, kabla hatujarudi, wala hakuna aliyempa habari. Basi Jumamosi nilikwenda. Kijiji chao kimezungushiwa handaki na miti iliyochongwa ncha. Mlinzi wa langoni akaniuliza mimi nani. Nikamwambia, golikipa. Akanitazama sana, akanipisha.

Nilimkuta handakini na akina mama, anachimba kwa amri ya serikali, udongo mpaka magotini. Tuliketi ukingoni nikamweleza yote, na jinsi watu wa Nanyuki walivyoliita jina lake. Akapangusa jembe kwa nyasi.

"Na mimi," akaniuliza mwishowe, "nilicheza namna gani?"

"Vizuri," nikamwambia. "Kipindi cha pili walikuwekea mabeki wawili."

Na si uongo, Mama, niliwaona kutoka golini kwangu, wamesimama kushoto wanalinda mahali patupu. Theuri alicheka mpaka mlinzi akaja kutuuliza kuna nini.

Mwanao,
Jumaa